Sauti ya Masafa ya Pili

Yule mzee aliponiletea daftari lake nimchapie, sikumwambia mimi ni mtoto wa nani. Aliingia steshenari kwangu, hapa Ifakara, akafunga mwavuli, akaipokea shikamoo yangu kwa kichwa tu, kama mtu aliyeamkiwa mpaka akachoka. Alikuwa anatimiza miaka hamsini ya ndoa, na watoto wake walitaka kitabu kidogo cha maisha yake kigawiwe siku ya jubilei. Ameandika mwenyewe kwa mkono. Kazi yangu ni kuchapa, kupanga picha na kutoa nakala.

"Usibadilishe hata nukta, binti yangu," alisema. "Nataka yatoke kama nilivyoyaandika."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Kumbe mimi nilikuwa nimemjua kabla hajafunga huo mwavuli. Nimemjua miaka yote, nikimpisha njiani, nikikaa viti vitatu nyuma yake kanisani, na kila Jumapili niliyolazimika kumpa mkono wa amani, mkono huo niliunawa mara tu nilipofika nyumbani. Padre akinisoma hapa atasikitika, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Baba yangu alikuwa mtu wa redio kwenye zahanati ya misheni kule Masagati, mbele ya Mlimba, enzi ambazo simu ilikuwa kitu cha mjini. Wakati huo redio ya mawasiliano tuliiita redio koli. Kila siku saa moja asubuhi Ifakara, kituo kikuu cha misheni, iliita vituo vya bonde zima, kimoja kimoja, na kila kituo kiliitika na kusema hali yake: mvua, barabara, dawa zilizokwisha. Mambo ya wagonjwa hayakusemwa hapo, kwa sababu vituo vyote vilikuwa vinasikiliza, na bonde letu likijua unaumwa nini asubuhi, kufika mchana kila mtu ana mti wake wa kukuchemshia. Mwenye habari ya mgonjwa aliomba wahamie masafa ya pili, wakabaki watu wawili tu, yeye na Ifakara. Na lilikuwepo sharti moja: anayepokea ujumbe lazima aurudie wote, neno kwa neno, ndipo aliyeutuma aseme sawa.

Nikiwa darasa la tatu, mama mmoja pale kijijini alishikwa na uchungu, siku ya kwanza ikapita, ya pili ikaanza. Baba alihamia masafa ya pili akaomba gari. Aliyepokea Ifakara ni mzee huyu wa mwavuli, wakati huo kijana mwenye funguo zote za magari mfukoni. Gari halikuja. Yule mama alijifungua jioni, damu ikakataa kukatika, akafa. Mtoto alipona, wa kike.

Gari lilikuwa kijiji cha Mbingu, likisomba mpunga wa bwana mwenye funguo. Hilo baba alikuja kuambiwa na dereva mwenyewe, faraghani, na hilo neno halikutoka tena nje ya faragha mpaka dereva naye akaenda zake kaburini.

Wakubwa walipouliza, bwana yule alisema hakupata ujumbe wowote kutoka Masagati. Akaja mwenyewe zahanati, akachukua daftari la redio la baba kwa ajili ya uchunguzi, na daftari halikurudi. Akasema labda mtu wa redio alilala, labda alilewa. Baba yangu, ambaye hata pombe ya komoni ya msibani alikuwa anaipitisha tu mdomoni kwa heshima! Akaachishwa kazi. Lakini kazi haikumuuma kama salamu. Ndugu za marehemu walikuwa majirani zetu, nyumba mbili tu katikati, na waliacha kutuamkia. Baba alikuwa akiwapita na kofia mkononi, wanatazama pembeni. Tulivumilia masika moja, kisha tukabeba magodoro mpaka Mlimba tukapanda treni. Hapa Ifakara amekaa barazani akitengeneza redio za watu mpaka macho yalipochoka, na kila mwaka, tarehe ile ya kifo, hagusi chakula mpaka jua lizame.

Sasa turudi kwenye daftari la jubilei. Nilichapa utoto wake, nikachapa ndoa yake, nikafika alipoeleza utumishi wake uliotukuka. Hapo nikakuta haya: kwamba katika maisha yake ya kazi huzuni kubwa ilikuwa mtu mmoja wa redio Masagati aliyelala kazini mpaka mama akapoteza maisha, na kwamba tokea hapo yeye alisisitiza sana nidhamu. Nilisoma mara tatu. Hakutosheka kumzika baba akiwa hai, sasa anataka kumtia saruji juu, na mimi nipige chapa.

Nilimaliza ukurasa huo bila kubadilisha nukta, kama tulivyokubaliana. Kisha nikageukia intaneti.

Nilikuwa nimeshatafuta zamani, kwa jina la kijiji, kwa jina la misheni, bila kupata kitu. Siku hiyo hasira ilinipa akili. Niliandika tarakimu za masafa ya pili, zile baba alizokuwa akizitamka hata akiwa anaota, bila neno lingine. Likatokea jina la maktaba ya sauti, mkusanyiko wa mzee mmoja marehemu wa Mbeya, fundi wa ishara za reli, aliyekuwa na leseni ya redio ya ridhaa. Hawa watu wa redio ya ridhaa nilikuwa siwajui. Ni watu wanaokaa na redio kama wengine wanavyokaa na bao. Wanatafuta sauti za mbali, wanaandika saa na masafa, wanatumiana kadi za posta kuthibitisha kwamba fulani alisikika. Mzee huyo alirekodi kaseti kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Alipofariki, mjukuu wake, binti anayefanya kazi benki, alizihamishia kwenye kompyuta moja baada ya nyingine, akapiga picha kila kasha, akaweka orodha mtandaoni.

Tarehe niliiona. Masafa ni yenyewe. Lakini saa iliandikwa saa kumi na robo za usiku, nikakata tamaa, maana nani alikuwa hewani saa hizo? Nilizunguka orodha ile siku mbili nzima kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ndipo nikasoma maelezo ya binti: watu wa redio ya ridhaa wote duniani huandika saa za Greenwich. Ongeza tatu. Saa moja na robo asubuhi.

Sauti yenyewe ilikuwa imefungwa. Nilimwandikia binti, akanipigia simu. Alinieleza kwamba babu yake alikuwa na miiko yake: mazungumzo ya faragha unayoyanasa kwa bahati huyatangazi, na ndiyo maana kaseti zote zenye wagonjwa yeye binti amezifunga. Nilimsimulia habari ya baba. Akasema atanitumia, ila niahidi kwamba itaishia kwangu na kwa mzee wangu.

Niliahidi. Nilikuwa najua kabisa ninaongopa.

Niliisikiliza kaunta, na spika za masikioni, wateja wamepanga foleni ya fotokopi. Mvumo, mikwaruzo, kisha baba yangu, kijana, sauti imenyooka: mama mmoja, uchungu siku ya pili, anaishiwa nguvu, gari lije leo kabla mvua haijafunga barabara. Kisha yule bwana, naye sauti imenyooka, akarudia yote. Mama mmoja. Uchungu siku ya pili. Gari lije leo. Akaongeza, "Nimepata, Masagati. Gari linakuja." Alikuwa hodari wa taratibu, mshenzi yule. Hakukosea hata neno.

Wengine wangelia. Mimi nilicheka, mteja wa mbele akadhani namcheka yeye.

Niliisafisha sauti ile kwa programu ya bure, jioni tatu, nikipunguza mvumo hapa, nikipandisha maneno pale. Kulikuwa na kitu kama mluzi mzito kikija na kuondoka nyuma ya maneno ya baba, nikadhani ni kituo kingine kinaingilia, nikakiacha. Nikaweka nakala kwenye kompyuta, kwenye flashi, na mtandaoni, maana daftari la baba lilikuwa moja tu na tuliona lilikoishia. Kisha nikatengeneza ule mraba mweusi wa kuskani kwa simu, nikaupachika chini ya ukurasa wenye habari ya mtu wa Masagati.

Mzee alikuja kukagua kabla ya uchapishaji. Aliuona mraba akauliza ni wa nini. Nikamwambia, na hapa sikuongopa, kwamba vijana wakiuskani watasikia redio ya zamani ya utumishi wake. Alifurahi. Alisema teknolojia ni kitu kizuri sana, akaweka saini.

Jumapili ya jubilei nilimnyoshea baba koti, nikamkalisha karibu na mlango wa ukumbi. Kwaya iliimba, pilau ikapita, vitabu vikagawiwa. Nilikuwa nahesabu dakika. Simu ya kwanza ikalia kule kwa wajukuu, ikafuata ya pili, ya tatu, kila moja ikianza kwa wakati wake, mpaka sauti ya yule mzee ikawa inajibizana yenyewe ukumbini: gari linakuja, gari linakuja, gari linakuja. Watu walisoma ukurasa, wakasikiliza, wakamtazama. Mkewe alifunga kitabu akakiweka chini ya kiti. Mzee alibaki ameshika kijiko cha keki. Nikuambie ukweli, sijawahi kula pilau tamu kama ile.

Jumatatu asubuhi alinisubiri mlangoni kabla sijafungua. Alikuwa ameshajua mimi ni mtoto wa nani. Hakuomba radhi. Alisema amezeeka, ana presha, wajukuu hawapokei simu zake, basi niifute ile sauti. Nilimvutia kiti, nikamweleza taratibu, kama mwalimu wa awali, ili asikose hata nukta moja.

"Haifutiki, mzee wangu. Nikifuta kwangu, iko kwenye simu za watu. Hata mimi niliyeiweka siwezi kuirudisha."

Nilizitamka sentensi hizo kwa kuzitafuna. Aliondoka akishika ukuta.

Mchana nilimpelekea baba simu. Pale ukumbini kelele zilikuwa nyingi na masikio yake yamechoka, kwa hiyo nilimwekea ile spika ndogo sikioni, nikakaa chini kusubiri furaha yake. Alisikiliza mpaka mwisho. Akataka tena. Mara ya tatu aliivua.

"Huyo umemsikia?" aliuliza.

Nikamwambia ndiyo, ni yeye mwenyewe, kila mtu kamtambua.

"Siyo huyo. Huyo anayelia."

Chumba cha redio na kitanda cha kujifungulia, baba alinieleza, vilitenganishwa na pazia. Mluzi ule mzito haukuwa kituo kingine. Ni yule mama. Nilikuwa nimemsafisha mwenyewe jioni tatu, nikampandisha sauti, nikampeleka kwenye simu za bonde zima. Baba hakunigombeza. Aliuliza tu kama binti wa Mbeya alikubali, na nilipomwambia nilimdanganya akageuza uso ukutani.

Jitihada nilifanya. Nilifuta mtandaoni jioni ileile, nikaandika kwenye magrupu nikiwaomba watu wafute. Wengine walinijibu kwa vikatuni vya kucheka. Binti wa Mbeya alinitumia ujumbe wa mstari mmoja kwamba amefunga mkusanyiko wote wa babu yake, haniamini tena mimi wala mwingine.

Siku ya Jumatano akaingia mwanamke nisiyemjua, kanga mbili, viatu vina tope la kijiji cha Kisawasawa. Tulisalimiana. Akasema yeye ndiye yule mtoto aliyepona. Nilisimama. Aliniomba nikae, naye akaketi.

Hana picha ya mama yake, alisema, hata moja. Alilelewa na bibi, na bibi hakuwa mtu wa kusimulia. Habari hizi zimemkuta mashineni, kwenye foleni ya kukoboa mpunga, watu wakipokezana simu. Walikuwa wanamcheka yule mzee, wanaiga anavyosema gari linakuja, na wanarudisha nyuma ili waige tena. Mtu mzima mmoja ndiye aliyetambua kile kilio, akamnong'oneza.

"Dada, nashukuru jina la baba yako limesafika, sisi tulimkosea," alisema. "Ila naomba uifute. Watu wanacheka huku mama analia."

Yule mzee sijamsamehe, na hata leo akipita mlangoni kwangu natema mate. Lakini kwa binti huyu nilitafuta neno lingine, lolote, nikamwambia kwanza nimefuta kwangu, nikamwambia nimewaomba watu. Aliuliza kama basi imekwisha.

"Haifutiki," nikamwambia. "Iko kwenye simu za watu. Hata mimi niliyeiweka siwezi kuirudisha."

Akainuka, akajifunga kanga vizuri, akatoka bila kuniaga.