Pipa la Dena

Dena alikuwa akiendesha mashine ya kusaga unga ya Mzee Thuku hapa kwetu Matsangoni. Mwaka 1983 alichoka kuona moto wa injini ukipotea hewani pamoja na moshi. Akalipitisha bomba la ekzosi katikati ya pipa la maji, fundi wa Kilifi akachomelea viungo. Tangu hapo, mashine ikisaga asubuhi, adhuhuri maji hayashikiki kwa moto. Wanawake waliojifungua walikandwa kwa maji hayo.

Masika yaliyofuata, mkewe Zipporah alijifungua mtoto aliyekwisha kufa. Tulimzika nyuma ya nyumba. Dena akarudi mashineni, akaketi akifuta injini iliyokuwa safi.

Mkunga Nyevu akamfuata huko.

"Mwanangu, mkeo lazima akandwe. Damu imemjaa tumboni."

"Mtoto hayupo, mama."

"Tumbo halijui hilo."

Kuni zote zilikuwa zimelowa. Mavuno yalikuwa bado, na hakuna aliyekuwa na mahindi ya kusaga. Dena akaiwasha injini, ikazunguka bure. Baada ya muda Nyevu akatia mkono pipani.

"Haya ni vuguvugu, ya kuoshea vikombe."

"Isiposaga haipati moto," Dena akasema.

Mzee Thuku alisikia mlio, akaja.

"Dena, leo unasaga upepo? Dizeli yangu hiyo."

Nyevu akajibu.

"Ni maji ya Zipporah, mzee."

Thuku akavua kofia, akaivaa tena.

"Basi itieni kitu. Hata pumba."

Nyevu akapita nyumba kwa nyumba. Wanawake wakaja na mihogo mikavu, huyu kibaba, yule konzi mbili. Mmoja alileta pumba kweli, Thuku akatazama kando. Dena akamimina kiasi cha kila kitu pamoja. Injini ikaguna, na maji yakaanza kutoa mvuke.

Dena alibeba ndoo mbili hadi nyumbani, akasimama nje ya mlango wakati Nyevu akimkanda mkewe.

"Yanaunguza?" Dena akauliza.

"Kidogo," Zipporah akajibu. Hakuwa amesema neno tangu maziko.

"Kesho tena," Nyevu akasema.

Dena akachukua ndoo tupu, akarudi kuzima injini. Uani wanawake walikuwa wakigawana ule unga wa mchanganyiko kwa kikombe. Mihogo iliyosalia waliiacha karibu na mashine, imefunikwa gunia, ya kesho.