Miezi Saba ya Omani

Shufaa alipoambiwa kwamba amependekezwa kuhamia masjala ya siri, kile chumba chenye mafaili ambayo hata watumishi wenzake hawaruhusiwi kuyagusa, wa kwanza kumshauri alikuwa Liberatus wa meza ya pili.

"Dada, watakuja watu wa upekuzi. Watachimba maisha yako tangu kuzaliwa. Jibu unachoulizwa, basi. Usijichongee."

Liberatus hakujua anamshauri nani. Pale Iringa hakuna aliyejua. Shufaa alikuwa ameishi mjini hapo zaidi ya miaka kumi, amepanga chumba Ipogolo karibu na barabara kuu, na katika muda wote huo hakuna mtu aliyemgongea mlango kwa sababu tu amemkumbuka. Alikuwa mtu wa salamu nzuri, kisha anaingia ndani na kufunga.

Kisa chenyewe, cha kabla ya Iringa, si kikubwa. Mumewe, Iqbal, alikuwa na duka la dawa Igawa. Nusu ya dawa zilikuwa za hospitali ya serikali, na kazi ya Shufaa, bibi harusi wa mwaka mmoja, ilikuwa kubandua karatasi zenye nembo ya serikali. Polisi walipokuja, Iqbal alitokea mlango wa nyuma na mpaka leo hajulikani aliko, mwanamume mzima na ndevu zake. Shufaa akakaa mahabusu Mbeya mjini miezi saba, mpaka kesi ikafutwa kwa kukosa mashahidi.

Sasa msikieni mama yake. Bi Mwanakhamisi anauza khanga na udi mbele ya nyumba yake Mwanjelwa, hapo hapo Mbeya, na heshima yake sokoni anailinda kuliko mzigo. Habari zilipomfikia, aliwaambia majirani kwamba Shufaa amepata kazi Omani. Kwao kumsitiri mtu ni ibada, na mama anayetangaza aibu ya mwanawe haonekani mkweli, anaonekana hana akili. Siku Shufaa alipotoka, mama alimngoja stendi na baibui jipya na sanduku. Ndani ya sanduku mlikuwa na tende na manukato yaliyonunuliwa hapo hapo Mwanjelwa. Jirani mmoja alipewa kichupa kilichotoka duka la tatu kutoka kwake, akanusa, akasema harufu ya Uarabuni haifichiki.

Shufaa alicheka pamoja nao. Halafu maswali yakaanza. Joto la kule likoje? Waarabu wanakula saa ngapi? Alijibu mpaka akachoka, akahamia Iringa ambako hakuna anayeuliza. Kwa hiyo afisa wa upekuzi, bwana mmoja mpole aitwaye Sosthenes, alipomuuliza kama amewahi kukamatwa, alimwambia yote, pamoja na zile karatasi. Hakusema alitumwa na mume. Alisema, "Nilijua." Akatoka mle ofisini akijisikia mwepesi.

Baada ya wiki chache Sosthenes alimwita tena.

"Dada Shufaa, nimekwenda mtaani kwenu Mbeya. Mjumbe, majirani, wenye maduka, wote wanasema wakati ule ulikuwa Omani. Wengine wameniapia. Wewe hukunitajia Omani."

"Sijawahi kwenda. Hata pasi ya kusafiria sina."

"Magereza nitawaandikia. Lakini mtaa mzima hauwezi kuota ndoto moja. Mtu aliyeishi nje akaficha, kwetu hilo ni zito kuliko rumande. Nataka ndugu wa damu anieleze hiyo Omani imetoka wapi. Bila hivyo siwezi kukupitisha."

Mtaa mzima ulikuwa umemtetea, na kwa kumtetea ulikuwa unamnyima kazi. Hakuwa na mtu wa kucheka naye. Alimpigia mama yake simu.

"Nimekusitiri miaka yote hii," Bi Mwanakhamisi alisema, "wewe unakwenda kujivua nguo mbele ya mwanamume usiyemjua?"

"Mama, naomba unisemee ukweli mara moja tu."

"Kwa mtu wa serikali?"

"Kwa huyo huyo."

"Mlete. Lakini aje mchana, kama mteja."

Sosthenes alikuja kama mteja, akachagua na khanga ya mkewe kabisa, kisha akakaribishwa sebuleni. Shufaa alikaa mkekani karibu na mama yake. Bi Mwanakhamisi alifunga dirisha la upande wa majirani, akakaa wima.

"Mwanangu hakwenda Omani. Alikuwa mahabusu. Omani niliitunga mimi."

Alisema kwa sauti ya chini, bila kubabaika, na Shufaa akampenda wakati ule kuliko siku zote za maisha yake. Alitamani amshike mkono.

"Nashukuru, mama," Sosthenes alisema. Kisha, kwa kukamilisha tu, akauliza, "Na ulikwenda kumwona kule mahabusu?"

Bi Mwanakhamisi alimshangaa. "Ningekwendaje, baba? Watu wanajua yuko Omani."

Alilisema kama anavyomtajia mteja bei. Na mahabusu ile, kutoka Mwanjelwa, unakwenda kwa miguu. Kila siku ya kutembelewa Shufaa alichana nywele, akakaa karibu na mlango, wakaitwa wengine. Alijiambia mama ana presha, hawezi kutazama nondo. Baadaye akajiambia askari ndio wanamzuia. Sababu hizo ameishi nazo mpaka amezizoea, na kumbe hazikuwa na ukweli hata chembe. Iliuma kuliko mahabusu yenyewe, na sitapunguza neno hapo.

Sosthenes aliinuka, akamgeukia Shufaa. "Swali la mwisho, la kawaida. Kati yako na familia yako kuna jambo lolote ninalopaswa kulijua?"

Shufaa alimtazama mama yake. Alikuwa amemimina kahawa, na kikombe cha kwanza alimwekea yeye, si mgeni.

"Hakuna," alisema. "Tuko vizuri."

Kazi alipata. Katika maswali yote ya upekuzi hilo ndilo pekee alilolijibu kwa uongo, na ndilo pekee ambalo Sosthenes hakulifuatilia.