Mluzi wa Mfangano

Mama alizaliwa Mfangano akaolewa Migori, na hadi alipofariki, mwanzoni mwa miaka ya tisini, hakukubali kwamba ndege wa mafunjo wa kwetu ni sawa na wa kisiwani kwao. "Huyu wenu anapiga kelele tu," alimwambia Baba. Kisha, akipalilia mahindi, alipiga mluzi kama yule wa kwao, na Baba akamkemea, maana kwetu mwanamke hapigi mluzi. Mimi niliyesomea ndege nikaamua kwenda kuhakikisha. Niseme kweli: nilimkumbuka Mama mno, na ndege alikuwa kisingizio kizuri.

Migori, asubuhi, nilirekodi ndege wetu mtoni. Kazi yenyewe si ngumu kueleza. Dume akisikia sauti ya dume wa aina yake katika eneo lake, huja mbio kutafuta ugomvi. Asiposhtuka, ni dalili kwamba hao wawili wameshaachana wakawa aina mbili, hata wakifanana manyoya.

Homa Bay nilinunua betri, nikalala Sindo, na kesho yake boti ya wachuuzi wa samaki ikanivusha. Upepo ulinuka dagaa wa omena, harufu ya nguo za Mama kila aliporudi kutoka kwao.

Mfangano nilipokewa na mjomba, kaka yake Mama. "Okewa, umekawia," alisema. Ndivyo wanavyomwita mtoto wa dada yao. "Sisi mazishi tulikuja. Wewe kututembelea, hapana!" Nilicheka, machozi yakinilengalenga.

Kwenye mafunjo nilicheza kaseti ya Migori. Dume wa kisiwani alikuwa karibu kabisa, akijichokoa manyoya. Nikarudia. Wapi! Aliendelea kujichokoa.

"Huyo hamjui wa kwenu," mjomba alisema. "Andika basi, ni aina mbili."

"Bado, nera," nilisema, nami nikimwita mjomba kwa lugha yao. "Wa huku naye lazima asikike kule."

"Na wakioana? Dada yangu si aliolewa huko huko?"

Kaseti zetu huwauliza madume wagomvi. Jike, ambaye ndiye anayechagua, hatujamuuliza. Nikamrekodi yule dume wa kisiwani. Ulikuwa mluzi ule ule wa Mama shambani, nikakaa topeni.

Migori tena, jioni, nilicheza kaseti ya kisiwani nyuma ya nyumba, kando ya mto. Ndege wetu hakugeuza hata kichwa. Mama alisema kweli, hawajuani hawa. Nilikuwa karibu kuzima redio mlango wa jikoni ulipofunguka. Baba, ambaye tangu msiba alikuwa hatoki ila kwa kubembelezwa, alisimama pale bila viatu.

"Nani anapiga mluzi?"

"Ni ndege, Baba. Wa Mfangano."

Alitazama shamba la mahindi.

"Cheza tena," akasema.

Nikarudisha kaseti mwanzo. Mpaka leo sijathubutu kuandika kwamba hao ni aina mbili.