Kompyuta ya barafu iliyojazwa na maagizo yasiyokuwepo

Saa mbili asubuhi, Ijumaa. Katika chumba kimoja juu ya duka la vyuma mjini Homa Bay, Filister Adoyo ameketi mbele ya kompyuta, chai yake imepoa, na hataki kusemeshwa. Nyuma yake amesimama Ahmednur, mfanyabiashara wa barafu na samaki, akichezea funguo za gari.

"Mama Hawi, niambie ukweli. Leo itakwama ama haitakwama?"

"Bosi, keti kwanza. Ukinisimamia hivyo, mimi ndio nitakwama."

Ahmednur anacheka, lakini haketi. Boti yake inangoja kupakia barafu ya wavuvi wa kisiwa cha Remba, na orodha ya nani apewe kiasi gani imo ndani ya kompyuta hiyo. Ijumaa mbili mfululizo imekwama kabla ya kupakia. Boti ikaondoka kwa kubahatisha, mbuta wa watu, yaani sangara, wakaoza, naye Ahmednur akatukanwa hadi akazima simu. Ameshatoa onyo: ikikwama tena, kazi inahamia kampuni moja ya Nairobi.

Kwa Filister, hilo si jambo dogo. Ahmednur hulipa shilingi 38,000 kwa mwezi, zaidi ya nusu ya mapato yake na mwenzake wa kazi, Clifford. Mama huyu wa miaka 34, mzaliwa wa Awendo, kaunti ya Migori, alifanya kazi Nairobi kwa miaka sita huku binti yake, Hawi, akilelewa na nyanya.

"Nilikuwa nalea mtoto kwa simu," anasema. "Siku moja nikakuja nyumbani, akanisalimia vile watoto husalimia wageni, halafu akarudi kucheza. Nililia, wacha tu."

Alirudi, akamchukua Hawi, wakahamia Homa Bay. Kumkosa Ahmednur ni kufunga virago upya.

Kazi yake si rahisi kuieleza, nami nilimsumbua sana kabla ya kuelewa. Seva yake moja imegawanywa kuwa kompyuta pepe nne, kila moja ikijiona kompyuta kamili, mfano wa ploti moja yenye wapangaji wanne. Kompyuta pepe ya barafu imepewa kumbukumbu ya gigabaiti nane. Programu zake zote zikijumlishwa hazitumii hata mbili. Hata hivyo, kumbukumbu ilikuwa inajaa mpaka pomoni kila baada ya siku chache.

"Nikiizima na kuiwasha, inapona. Siku mbili tatu, imejaa tena," asema. "Na ukiangalia programu, hakuna hata moja imekula. Nikajua mla ni kerneli yenyewe."

Kerneli ni kiini cha mfumo, msimamizi anayegawia programu kumbukumbu na kutunza mafaili. Yeye naye hutumia kumbukumbu, ila matumizi yake hayaandikwi kwa jina la programu yoyote. Jumatano Filister aliiambia kompyuta imwonyeshe kiini kimejiwekea nini. Akakuta majina ya mafaili, mamilioni kwa mamilioni. Alipoyatafuta mafaili yenyewe, hakuna hata moja lililokuwepo.

Hapo ndipo alipomgeukia Clifford, mwandishi wa programu ya maagizo.

Programu hiyo ilikuwa ikitafuta faili la agizo kutoka Remba bila kupumzika, na kila mara kwa jina jipya lenye saa, dakika na sekunde. Mtandao wa kisiwani ukipotea, inatafuta kutwa nzima. Kila mara kiini hujibu "haipo", kisha hulihifadhi jibu hilo ili kikiulizwa tena kijibu upesi. Lakini jina lile haliulizwi tena kamwe.

"Omera, ndugu yangu, hii ni tabia yako kabisa," Filister alimwambia. "Unauliza chai, unaambiwa bado. Hujafika mlangoni, unauliza tena!"

"Nyar Awendo, nihurumie," Clifford alijitetea, akimwita binti wa Awendo kwa Kijaluo. "Mimi nilidhani kuuliza ni bure."

Utetezi huo haukumsaidia, maana Clifford ni mzaliwa wa kisiwa cha Takawiri na anajua fika mtandao wa visiwani ulivyo. Walisimamisha programu yake, na majina yakaacha kuongezeka. Wakaiwasha, yakaanza tena. Mwizi akawa amepatikana. Clifford akaiandika upya ili ingoje kuitwa agizo linapofika, naye Filister akafuta majina yaliyorundikana.

Sasa ni Ijumaa, na hakuna mwenye hakika. Karibu saa sita mchana, simu ya Ahmednur inalia. Ni nahodha: orodha imetoka yote, wanapakia. Filister anaangalia kumbukumbu, haijafika hata gigabaiti tatu. Anajifunika uso kwa mikono miwili, na mabega yake yanatikisika kwa kicheko.

"Mama Hawi," Ahmednur anasema, akiwahi msikitini, "wale wa Nairobi nitawaambia wapumzike. Wewe endelea."

Clifford anapendekeza waagize samaki wa kukaanga kusherehekea. Filister anakubali, mradi Clifford ndiye alipe.

Ninapomwuliza mipango yake, natarajia anitajie seva ya pili. Ataileta, anasema, lakini kuna kitu kingine kwanza. Wiki ijayo kuna mkutano wa wazazi shuleni kwa Hawi, na hajawahi kuhudhuria hata mmoja.

"Nataka nikae mbele kabisa," anasema. "Mwalimu akiuliza mama ya Hawi ako wapi, mtoto asiseme Nairobi. Anyooshe kidole nilipo."