Ofisi Ndani ya Stoo ya Mbaazi

Korona ilipofunga ofisi nyingi za Nairobi, mdogo wangu alirudi nyumbani Tawa na kompyuta ya kampuni ndani ya begi. Ndiye kitinda mimba wetu. Wazazi walipofariki niliacha shule ili yeye asome, kwa hiyo kazi yake niliiona kama yangu pia. Alikuwa bado kwenye miezi ya majaribio, akipokea simu za wateja wa kampuni ya bima. Mkubwa wake alikuwa amemwonya kwamba akikosekana tena kwenye laini, asitegemee kuandikwa.

Aliyekuwa akimtoa kwenye laini ni aunti, mke wa baba mdogo, ambaye boma lake limepakana na letu. Kwake yeye, msichana anayeketi ndani mchana hana kazi. Alimwita amsaidie kuokota kuni, amshikie mbuzi akimkama, watwange muthokoi, yale mahindi tunayotoa maganda kwa kinu. Siku moja alileta kinu chenyewe chini ya dirisha letu ili wapige gumzo wakitwanga. Mteja akasikia vishindo, akauliza kama kampuni imehamia kwenye mjengo.

Nilijaribu kumweleza. Aunti akasema hata yeye anafanyia kazi nyumbani tangu aolewe, na hakuna siku watu wamenyamazishwa kwa ajili yake. Na huyu ndiye aliyetupikia wakati wote wa matanga ya wazazi, singeweza kumgombeza.

Basi Jumatatu nikamwambia mdogo wangu avae sketi ya ofisi, viatu na barakoa, aning'inize begi begani. Akapita kwa aunti, akamuaga, akazunguka nyuma ya shamba na kuingia stoo yetu kwa mlango wa nyuma. Nilikuwa nimemwekea meza katikati ya magunia ya mbaazi. Aunti aliponiuliza kama amepata ofisi, nilisema ndiyo, iko karibu tu.

Tulikaa kwa amani mpaka siku aunti alipokuja kuazima ungo. Nilikuwa jikoni, na kabla sijafika alikuwa ameshafungua stoo na kuushika ungo. Spika za masikioni zilikuwa zimeharibika, kwa hiyo sauti ya mteja ilijaa chumba kizima. Gari lake lilikuwa limekwama gereji, na alimwita mdogo wangu mwizi na mjinga.

"Pole sana, mzee," mdogo wangu akamwambia. "Nakusikia. Hebu nieleze tena, polepole."

Aunti alisimama, ungo kifuani, mpaka yule mtu akachoka, akaeleza shida yake na mwishowe akashukuru. Kisha akatoka kinyumenyume na kufunga mlango taratibu.

"Kumbe kazi yake ni kutukanwa?" akaniuliza.

"Ndiyo, aunti."

"Kutwa nzima? Na hajibu?"

"Akijibu anafutwa."

Alitikisa kichwa. "Mimi nisingefika saa nne."

Kuanzia hapo kinu kilirudi kwake, na mgeni akimuulizia mdogo wangu, aunti alimwambia arudi jioni, mtu yuko kazini.

Habari ya kuandikwa ilipokuja, mdogo wangu alitoka stoo mbio, miguu mitupu, simu mkononi. Aunti akataka kujua kama sasa wataacha kumtukana.

"Hapana, aunti. Sasa nitatukanwa kwa mkataba."

Aunti alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akafunga leso vizuri na kwenda kukamata kuku.