Uzi wa Bluu Mguuni mwa Mjukuu

Wateja walimwita Chiriku, na hawakumsingizia. Fundi yule aliweza kukupima kiuno, akuulize hali ya watoto, amsengenye fundi mwenzake wa mtaa wa pili na kukuchekesha, yote hayo kabla hajaandika vipimo vyako. Ndiyo maana wiki aliyokaa kimya kwenye cherehani yake, watu walidhani anaumwa jino.

Halikuwa jino. Alikuwa ndege wa mama yake.

Mama aliishi chumba cha nyuma tangu baba alipofariki, na mwenzake wa mchana alikuwa chiriku wa kweli, wa manjano, ndani ya tundu pale dirishani. Alimpa jina la Mjukuu. "Wewe umegoma kuniletea," alimwambia mwanawe, "basi niachie huyu. Naye ana miguu miwili kama wenzake." Macho ya mama yalikuwa yamefifia, lakini kila asubuhi alilifungua tundu mwenyewe kwa kupapasa, akabadili maji, na Mjukuu akamrukia kidoleni kama mtoto anayekuja kuamkia.

Sasa, mama huyo ndiye aliyemfundisha fundi kazi, na sheria yake ya kwanza ilikuwa hii: uzi ukikatwa hauanguki chini, unakwenda koponi. Kopo lenyewe, la maziwa ya unga, lilikaa mkono wa kulia wa cherehani miaka nenda miaka rudi. Mama alipoacha kushona, mwana akalijaza vifungo, na nyuzi zikaachiwa sakafu. Kisha siku moja mama akamwomba pamba kidogo, Mjukuu apate cha kutandika. Pamba ilikuwa juu ya kabati, ufagio ulikuwa mkononi. Akazoa takataka za sakafuni, vitambaa na nyuzi, akazisokomeza tunduni na kujipongeza kwa kumaliza kazi mbili mara moja.

Jumatatu mama alisema, "Hebu mtazame Mjukuu. Mguu wake nauona kama umenenepa."

"Mama, macho yako hayo," alijibu bila kuinua kichwa. "Tangu lini ndege akanenepa mguu?"

Ijumaa Mjukuu alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, mwingine ameukunja tumboni, vidole vimekuwa vyeusi. Fundi alimshika kwa taulo, akamgeuzia kwenye mwanga. Juu ya vidole kulikuwa na uzi wa bluu, wa nailoni, wa kushonea sare za shule, umezama ndani ya nyama. Ndio uzi aliojigamba nao kwa wateja kwamba haukatiki hata ukivutwa na punda.

"Ni mimi," mama alisema nyuma yake. "Juzi nilifunga mlango wa tundu kwa haraka. Nimembana."

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Mtu mwenye maneno ya kumwaga, siku hiyo akapata matatu tu: "Nampeleka kwa daktari."

Daktari wa mifugo, mwanamke asiyependa mizaha, alivaa miwani ya kukuzia, akapenyeza ncha ya mkasi mwembamba chini ya uzi na kuukata vipande. "Hapa hapavutwi," alisema. "Ukivuta, unaung'oa mguu." Akapaka dawa. "Vidole vimekufa, vitadondoka vyenyewe. Ataishi na mguu mmoja. Vijiti vyake vizungushie kitambaa laini, maji na chakula viweke chini, na nisisikie uzi tena tunduni. Ungemleta siku nne nyuma, mguu huu ungepona."

Siku nne nyuma ilikuwa Jumatatu. Fundi aliviokota vipande vya uzi, akavifunga kwenye karatasi na kuvitia mfukoni.

Nyumbani alifanya yote aliyoagizwa. Vijiti alivishonea kitambaa kwa mkono, mshono mdogo mdogo, kazi safi kuliko ya suti ya harusi. Alifanya yote isipokuwa kusema. Mficha uchi hazai, naye alificha siku tatu, huku mama akiwa hagusi tundu kabisa.

Siku ya nne alimkuta mama amelipakata tundu, limefunikwa kanga.

"Mpelekee yule jirani muuza vitabu," alisema. "Ndege anataka mtu anayeona. Mimi nitamuua."

Fundi alipiga magoti, akamwekea vile vipande kiganjani. "Mama, si mlango. Ni uzi wangu. Nilizoa takataka za sakafuni nikamwekea. Nimejua tangu Ijumaa."

Mama alivisugua kwa dole gumba. "Sare," alisema.

Fundi alingoja kofi. Angelipokea kwa shukrani.

"Jumatatu nilikuambia mguu umenenepa."

"Uliniambia, mama."

"Ukanambia macho."

"Nilikuambia."

"Siku zote hizi naiogopa mikono yangu mwenyewe. Hata chai naogopa kumimina."

Mama aliondoa kanga, akapapasa mlango, akaufungua. Mjukuu aliruka, akateleza, akajaribu tena, akasimama kidoleni kwa mguu wake mmoja.

"Lete kopo," mama alisema.

Fundi alimwaga vifungo vyote mezani, akaja nalo tupu. Mama akaudondosha uzi ndani, kipande kimoja kimoja.

"Kuanzia kesho nitakaa pembeni ya cherehani yako. Macho sina, lakini kila ukikata uzi nataka nisikie mkono wako ukigusa kopo. Kwa hiyo usiongee."