Ndamathia wa Timbo Letu

Majuzi binti yangu alinialika nikaone nyumba aliyohamia, pale Ruiru, ghorofa ya tano. Rafiki yangu, ngazi zile nilizipanda kama mtu anayepanda Mlima Kenya kwa njaa. Kufika juu nilikuwa nimewasamehe maadui zangu wote. Mvua ilikuwa ndiyo inakatika. Nikafungua dirisha nivute hewa, na upinde wa mvua ukasimama mbele yangu, umeinama juu ya mabati ya majirani vilevile kama zamani. Hapo ndipo nilipotambua nilikuwa wapi. Chini yetu, chini ya magari yaliyoegeshwa na matangi ya maji, palikuwa na timbo letu.

Timbo ni shimo la kuchimba mawe ya kujengea, na utotoni mwangu upande ule ulikuwa na matimbo mengi kuliko makanisa. Wanaume walichonga mawe kuanzia alfajiri, ko-ko-ko, hata mtoto mchanga alikuwa akishtuka Jumapili kwa sababu ya kimya. Mawe yalipokwisha katika shimo la karibu na kwetu, tajiri mwenyewe aliwahamishia watu wake shimo jingine, akaliacha lile wazi. Mvua ikalijaza maji ya kijani, yametulia tuli. Kina chake hakuna aliyekijua. Sisi watoto tulisema ukitupa jiwe Jumatatu, linafika chini Alhamisi, tena limechoka.

Shosho yangu, yaani nyanya yangu, ambaye ndiye aliyenilea, alisema mle ndani mnaishi ndamathia, lile joka la maji ambalo Wakikuyu wamelisimulia tangu enzi na enzi. Ndamathia wa shosho alikuwa mrefu kutoka Githurai 45 hadi Ngoingwa, na mkia ukabaki wa kukunjwa. Upinde wa mvua ulikuwa pumzi yake. Ukiuona, wewe mtoto wa watu, rudi nyumbani. Na ukilazimika kupita karibu na timbo, ung'oe nyasi, uzitemee mate, uzitupe upande wa maji, kisha upite bila kugeuka. Sisi tulipita mbio hivi kwamba nyasi zilianguka chini tukiwa tumeshafika mlangoni.

Ukuta wetu wa mabati ulikuwa mmoja na wa jirani, mama aliyetoka magharibi kuja kumenya mananasi kiwandani, Eneo la Viwanda, Thika. Alirudi jioni akinukia mananasi, na nyuki walimsindikiza kutoka stejini aliposhuka matatu hadi mlangoni kama walinzi wa waziri. Alituletea ile mioyo migumu ya katikati ambayo kiwanda hakikuitaka, tukaitafuna hadi ndimi zikachubuka. Binti yake ndiye aliyekuwa rafiki yangu. Tulichota maji pamoja bombani, tulichagua maharagwe ya githeri pamoja, tulikosana na kupatana kabla uji haujapoa. Na maswali yake! Yule angemfanya hata padri aombe likizo.

Siku moja shosho na jirani walikuwa wakichambua mboga uani.

"Huyo ndamathia wenu ana vichwa vingapi?" jirani akauliza.

"Kimoja kinamtosha."

"Wetu kule mtoni alikuwa na viwili, na alimeza ng'ombe na kengele yake."

"Basi mlete hapa amsaidie wetu. Watoto ni wengi, amechoka."

Wakacheka mpaka shosho akakohoa. Mimi na rafiki yangu hatukucheka. Hatukujua bado kwamba watu wazima wanaweza kukicheka kitu wanachokuamuru ukiogope.

Kisha akaja mwalimu wa sayansi. Alikuwa kijana, viatu vyake vinang'aa hata wakati wa matope, na alitupenda. Hilo nataka ulishike: alitupenda sana. Rafiki yangu alimwinulia mkono darasani akamuuliza, "Mwalimu, ndamathia akiwa chini ya maji, anapumua nini?" Mwalimu alifurahi kama aliyeshinda gari. Kesho yake akatupanga mistari miwili, akatupeleka timboni, darasa zima.

Akavua shati. Tukapiga kelele. Akajitupa majini, akaogelea hadi ukingo wa pili, akarudi akiimba, akatoka akichuruzika kama shuka kwenye kamba.

"Mmeona meno?"

"Hapana!"

"Mmeona mkia?"

"Hapana!"

"Maji ni maji. Hayakupendi, hayakuchukii. Ubaya haumo mle, watoto. Umo humu," akajigonga paji la uso.

Tukapiga makofi, na rafiki yangu akapiga kuliko sote. Mwalimu alisema pia kwamba mtu asiingie bila mtu mzima. Alisema, nakumbuka vizuri sana. Lakini ni nani anayekumbuka sentensi ya mwisho ya mwalimu?

Habari ilifika nyumbani kabla yetu. Shosho alimngoja mwalimu njiani, mzigo wa kuni ungali mgongoni, kamba kipajini.

"Mwalimu, nasikia umemuua."

"Nimemuua nani, shosho?"

"Yule aliyekuwa akitulindia watoto."

Mwalimu akatabasamu kwa heshima. "Shosho, mle ndani hakuna kitu."

"Najua hakuna," shosho akasema. "Sasa na watoto wanajua."

Akaenda zake.

Likizo ya Aprili ikaja, na kati ya mvua na mvua likawaka jua la kukaangia mayai juu ya mabati. Watoto wakaanza kwenda timboni, kwanza kutia miguu, halafu magoti. Wazazi walikuwa kazini. Mimi siku ile nilikuwa Thika na shosho, tumepeleka maparachichi sokoni. Tuliposhuka stejini jioni shosho akasimama ghafla, akainua kichwa. Nyundo zilikuwa kimya, na haikuwa Jumapili.

Mwalimu ndiye aliyemtoa rafiki yangu majini. Walisema alizama akaibuka, akazama akaibuka, watu wakimsihi atoke, mpaka alipokuja naye mikononi. Tulipofika alikuwa amepiga magoti ukingoni, na rafiki yangu amelazwa juu ya nyasi, amevaa lile sweta lake jekundu la shule ambalo hakuwa akilivua hata kwenye jua. Watu walikuwa wamejaa. Wengine walinong'ona kwamba ndamathia alitukanwa, sasa amejibu. Wachonga mawe walikuwa wamekuja na mipini ya nyundo.

"Wewe ndiye uliyewafungulia mlango!" mmoja alimfokea mwalimu. "Si useme tena hakuna kitu! Sema!"

Mwalimu hakuinua hata mkono kujikinga.

Ndipo mama wa rafiki yangu alipofika kutoka kiwandani, aproni bado kiunoni, gambuti miguuni, ile harufu tamu imemzunguka. Watu wakampisha. Mwalimu akamwambia, "Mama, ni mimi. Waache wanipige."

Yule mama alimtazama mtoto wake. Halafu akauliza, "Ni wewe uliyemtoa?"

"Ni mimi."

"Basi nisaidie kumvua hilo sweta. Limelowa. Atashikwa na baridi."

Wakalivua pamoja, mkono mmoja mmoja, polepole, jinsi mtu anavyomvua mtoto aliyesinzia. Mipini ikashuka. Hakuna aliyempiga mtu siku ile.

Lakini ubaya ule ulikosa mwenyewe, na watu hawapendi kitu kikose mwenyewe. Wakautafutia. Mhubiri akasema ni shetani. Wanaume wakasema ni mwalimu, na mwalimu alikubaliana nao, maana aliondoka kabla shule hazijafunguliwa na hatukumsikia tena. Wapo hata waliosema bombani, nikiwasikia, kwamba ni mama anayeacha watoto aende kumenya mananasi. Tajiri wa timbo hakuna aliyemtaja. Hatukuijua hata sura yake. Jirani alimpeleka mtoto wake kwao magharibi kumzika, na hakurudi. Upande wa pili wa ukuta wa mabati pakawa kimya.

Shosho hakumtaja ndamathia tena maishani mwake. Upinde wa mvua ukitokea, aliingia ndani akafunga mlango. Mara moja tu nilithubutu kumuuliza: ile siku, ni maji yalikuwa mabaya, au ni watu? Alikuwa akiponda viazi vya mukimo. Aliponda, akaponda.

"Nimemtafuta mwenye ubaya," akasema. "Kama ningempata, ningemchapa kwa huu mwiko."

Miaka mingi baadaye nilirudi masomoni, masomo ya jioni, nikiwa na nywele nyeupe kuliko chaki. Mwalimu wetu, mtoto ambaye angeweza kuwa kitindamimba wangu, alituletea mjadala: je, ubaya umo katika maumbile au akilini mwa binadamu tu? Darasa likawaka moto. Huyu anataja nyoka, yule anataja vita, mwingine tetemeko la ardhi. Mimi, ambaye hunyamaza tu nikiwa ninatafuna, niliinamia dawati langu mpaka kengele. Cheti nilipata, nimekitundika sebuleni wageni wakione. Swali lile sijalijibu.

Basi juzi hiyo, mvua ilipokwisha, niliteremka na mjukuu wangu kunyoosha miguu. Timbo lilishafukiwa kwa udongo na vifusi. Hapana nyundo, hapana nyasi za kutemea mate, na hakuna mtu katika nyumba zote zile anayejua amelala juu ya nini. Ila kando ya ghorofa wamechimba msingi wa ghorofa nyingine, mvua imeujaza, na bati moja la uzio limelala chini. Mjukuu akanivuta hadi pale, akachungulia.

"Shosho, kuna nini mle?"

"Kuna maji."

"Maji tu?"

Nikalitafuta jibu la mwalimu wa sayansi, nikalitafuta la shosho. Yote mawili nilikuwa nayo mdomoni. Nikaliinua lile bati, nikaliegemeza mahali pake, likaanguka tena.

"Maji," nikamwambia, "na rafiki yangu."

Akarudi nyuma, akanishika sketi, na hakuiachia mpaka tulipofika ghorofa ya tano.